Meza ya Kando ya Ziwa



Mwaka 2022, siku chache baada ya matokeo ya mtihani wa Serikali kutangazwa, vijana watano wa kikundi cha parokia walifika nyumbani kwangu Luhwindja wakati wa jioni. Wawili kati yao walikuwa bado na poda nyeupe masikioni, ile tunayowamwagia waliofaulu, ambayo hakuna mwenye haraka ya kuiosha. Mkononi walikuwa na karatasi ya daftari iliyojaa hesabu. Kikundi kilikuwa kimepata diploma saba mwaka ule, idadi ambayo hatukuwahi kuifikia, na halmashauri yao ilikuwa imekata shauri kuwafanyia karamu. Karamu hiyo haikuwa ya kijijini. Walitaka kushuka Bukavu, waketi katika hoteli ya kando ya ziwa, kwenye meza yenye kitambaa cheupe na glasi zenye mguu mrefu. Nami, kwa kuwa nilisomea ualimu katika mji ule, walitaka niwachagulie hoteli.

Nadhani walitazamia niwakemee. Katekista mwenye mvi akisikia neno hoteli, watu hungoja afungue Injili penye habari ya tajiri na Lazaro. Sikuifungua. Kula vizuri siku ya furaha si dhambi. Bwana wetu alikula kwa Lawi mtoza ushuru, kwa Simoni Mfarisayo, kwa Martha na Maria; adui zake walimwita mlafi, na kama asingeonekana mezani mara nyingi wasingelipata tusi hilo. Ishara yake ya kwanza katika Injili ya Yohane ilikuwa kuiokoa karamu ya arusi iliyoishiwa divai, na ile mitungi sita ya mawe haikuwa midogo. Basi niliwaambia walete karatasi yao tuhesabu pamoja.

Ni lazima kukiri kwamba Bukavu ni mji unaojua kula. Umekaa juu ya rasi zilizoingia ziwani kama vidole vya mkono, na karibu kila kidole kina mahali pake pa chakula. Asubuhi wavuvi hurudi na sambaza, na kabla ya saa sita sambaza hao wamekwisha kukaangwa Kadutu, Nyawera na Ibanda, kwa watu wa kila namna. (Wengi wenu hamjui kwamba sambaza ni mgeni katika Ziwa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna mtu wa Bukavu anayeweza kuifikiri meza yake bila wao.) Kuna bugali, sombe iliyopondwa na kupikwa kwa mawese, lengalenga, maharagwe, broshete za mbuzi zinazochomwa barabarani usiku, ndizi za kukaanga, na tilapia mzima aliyefunikwa vitunguu na kukamuliwa ndimu. Kisha ziko hoteli kubwa ambazo majina yake yanajulikana hata na wasiowahi kuvuka mlango: Orchids na bustani yake ya kando ya maji, Coco Lodge, Panorama. Kijana wa Luhwindja anayeota karamu huota moja ya hizo. Simlaumu. Mimi mwenyewe niliota.

Na sisi watu wa Luhwindja tunajulikana katika meza za Bukavu kwa namna yetu. Milima yetu ina dhahabu. Kampuni ilianza kuitoa Twangiza kwa mitambo mwaka 2011, lakini kabla ya hapo na baada ya hapo vijana wetu wameichimba kwa mikono. Nimemwona kijana aliyeuza gramu zake asubuhi, jioni akaketi Bukavu akiwaagizia watu kumi ambao hakuwajua majina, na siku ya tatu akasimama kwenye kituo cha magari akiomba nauli ya kurudia mlimani. Alikula vizuri sana. Sijui kama alikumbuka alikula na nani.

Nilianza na mambo ya kawaida, kwa sababu mwalimu huanza na ubao kabla ya falsafa. Kwanza bei. Hoteli nyingi za Bukavu huandika bei kwa dola, na mwenye franka hulipa kwa kiwango cha nyumba ile. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franka 2000, lakini franka chache za tofauti zikizidishwa kwa watu kumi na watatu huwa pesa ya soda. Uliza kiwango kabla ya kuketi. Uliza bei ya vinywaji, kwa maana chakula huagizwa kwa akili na vinywaji huagizwa kwa furaha. Samaki mkubwa hachomwi kwa dakika kumi. Kama mko wengi, tuma mtu siku moja kabla akaagize. Hesabu mwendo wa kurudi, kwa sababu barabara yetu haimpendi mtu anayesafiri usiku. Na mahali ambapo hakuna orodha ya bei iliyoandikwa, simama, shukuru, toka.

Waliandika yote. Kisha nikaitazama karatasi yao. Chakula dola 15 kwa kila mtu. Waliofaulu saba, wanahalmashauri watano, na katekista mmoja, jumla dola 195. Dola 45 zilizobaki zilikuwa za usafiri. Mfuko wote wa kikundi ulikuwa dola 240, na karamu ilikuwa inaumaliza bila kubakiza hata ya kununulia mshumaa.

Niliuliza: «Mfuko huu umetoka wapi?»

Walijua ninavyojua mimi. Ulitoka katika shamba la maharagwe la kikundi na katika mchanga waliobeba kwa ajili ya ujenzi wa darasa. Kikundi kina vijana arobaini. Nikauliza nani walilima shamba lile. Hakuna aliyejibu, ila msichana mmoja, mwenye poda bado shingoni, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakulima hata siku moja kwa sababu alikuwa akijiandaa kwa mtihani. Waliolima kwa wingi ni wale walioacha shule. Mwenzake mmoja alimkata jicho. Alikuwa amesema jambo ambalo wote walilijua tangu mwanzo.

Ndipo nilipowasimulia habari ambayo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote isipokuwa muungamishi wangu.

Mwaka 1995 nilimaliza masomo ya ualimu Bukavu. Mji ulikuwa mzito wakati ule. Tangu mwezi wa saba wa mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa kila mahali, na noti za zaire mpya zilipoteza thamani kati ya asubuhi na jioni. Hata hivyo mimi na wenzangu watano tulikuwa tumechanga kwa miezi mingi, kila mtu akiacha chakula cha mchana mara moja kwa juma, ili jioni ya kumaliza tukale mahali pazuri kando ya ziwa. Tulipachagua kwa kuchungulia uzioni. Palikuwa na taa za rangi, na wahudumu walivaa mashati meupe.

Sikumwambia mama. Lakini habari za kumaliza masomo zilikuwa zimefika Luhwindja, naye alishuka bila kuitwa, akitembea sehemu moja ya njia na kupanda lori la mizigo sehemu nyingine. Alifika saa tisa, na kikapu kichwani. Ndani yake mlikuwa na kuku aliyepikwa, maharagwe, kidumu cha kasiksi, na mashanza iliyofungwa katika jani la mgomba. Kwa wasomaji wa mbali, mashanza ni maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa na kukamuliwa maji, kitu ambacho Mushi hamletei mtu asiyempenda.

Nilimtazama mama yangu, miguu yake yenye vumbi na kitenge chake cha siku kuu kilichochujuka, nikawaza juu ya uma na kisu, na mashati meupe, na wenzangu ambao wawili kati yao baba zao walikuwa na magari. Nilimpeleka kwa mjomba Kadutu. Nikamwambia: «Mama, jioni hii tuna mkutano wa walimu. Pumzika. Nitarudi.»

Nilikula samaki asiye na miiba. Mchuzi wake ulikuwa mweupe. Zaidi ya hayo sikumbuki ladha yoyote. Nakumbuka tu nilivyosoma upande wa kulia wa orodha, penye bei, na nilivyomtazama mwenzangu ili nijue nishike uma wa mkono upi. Tulicheka sana kwa sauti kubwa. Hesabu ya mwisho ilipoletwa ilizidi mchango wetu, na mmoja wetu akaacha saa yake ya mkononi.

Nilirudi Kadutu karibu saa nne ya usiku. Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, amesinzia. Mbele yake sahani zilikuwa zimefunikwa. Mjomba, mkewe na watoto wao walikuwa wamelala na njaa yao, kwa kuwa mama alisema kwamba watakula mwalimu akija. Nikasema nimeshiba. Mama alininusa, jinsi mama anavyomnusa mtoto aliyetoka mahali, kisha akauliza kwa upole: «Mkutano uliwalisha nini, mwanangu?»

Sikujibu. Asubuhi aliwagawia watoto wa mjomba kile kikapu chote, akapanda lori, akarudi mlimani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuwahi kuligusia jambo lile, nami sikuwahi kumwomba radhi, kila mwaka nikidhani mwaka ujao utafaa zaidi.

Vijana wale watano walinyamaza. Mmoja aliuliza kama mashanza ilikuwa imeharibika usiku ule. Nilimwambia hapana, hali ya hewa ya Bukavu ni ya baridi.

Nimetafakari mara nyingi sura ya 11 ya waraka wa kwanza wa mtume Paulo kwa Wakorinto. Tunaisoma kama sura ya Ekaristi, na ndivyo ilivyo, lakini inaanza na ugomvi wa chakula. Wakristo wa Korinto walikutana katika nyumba za watu wenye nafasi. Chumba cha kulia katika nyumba za namna ile kwa desturi kilikuwa na vitanda vitatu vya kuegemea, na nafasi ya watu tisa hivi. Waliobaki walikaa uani. Ni rahisi kuona nani aliegemea ndani na nani alisimama nje: mwenye nyumba na rafiki zake walifika mapema na kula, watumwa na vibarua walifika jua limekwisha kuzama, wakakuta mabaki. Paulo hawagombezi kwa sababu ya ubora wa chakula. Anawagomba kwa sababu wamewaaibisha wasio na kitu. Nilipoisoma sura hiyo kama mwanafunzi niliielewa kwa ajili ya mtihani. Nilipoisoma tena kama katekista nilimwona mama juu ya mkeka wa Kadutu, uani pa nyumba yangu.

Neno hili halihusu diploma peke yake. Wako kati yenu wenye wachumba. Wako pia katika mashirika yetu watu ninaowajua, waliokaa pamoja miaka saba, miaka kumi, wana watoto wanne, ng'ombe wa mahari wamekwisha kutolewa, na hawajafika mbele ya altare. Ukiwauliza sababu, hawakuambii kwamba wana shaka juu ya ndoa. Wanakuambia hawajapata pesa ya ukumbi. Papa Fransisko aliligusa jeraha hili katika wosia wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 212: alisema kwamba maandalizi ya mialiko, mavazi na sherehe humaliza mfuko na pia nguvu na furaha, akawahimiza wachumba wathubutu kuwa tofauti na wengine. Niliusoma ukurasa huo kwa sauti mbele ya kamati moja ya arusi. Walipiga makofi, kisha wakarudi kwenye hesabu ya kukodi magari. Mkaidi ni mkaidi. Lakini wenzi wawili walinifuata baadaye nyuma ya sakristia, na wakafunga ndoa Jumamosi moja asubuhi, na tukala maharagwe na nyama kidogo nyumbani kwa wazazi wa bibi arusi.

Narudi kwa vijana wangu. Walizozana siku tatu, nami nilikaa mbali. Hatimaye walileta karatasi nyingine. Dola 100 zingenunua mbuzi, unga na mafuta, na kikundi chote cha arobaini kingekula pamoja kwenye uwanja wa parokia baada ya Misa ya Dominika. Dola 120 zingewapeleka Bukavu watu kumi na watano kwa dola 8 kila mmoja: wale saba, kila mmoja na mzazi au mlezi aliyemsomesha, na mimi. Dola 20 zingebaki katika mfuko. Usafiri tulipewa na mfanyabiashara mmoja wa parokia aliyekuwa akishuka na lori lake. Mmoja wa wale saba alikataa. Alisema aliahidiwa ziwa, na ziwa atalipata. Alishuka na kaka yake mchimbaji wakaenda hoteli aliyoitaka, na picha zake zilizunguka katika simu za kijiji kizima. Zilikuwa picha nzuri, sitasema uongo. Nafasi mbili zilizoachwa wakapewa mama anayetupikia wakati wa mafungo, na kijana mmoja aliyekosa diploma kwa pointi chache na aliyelima maharagwe kuliko wote. Mama yule alikubali mara moja. Kijana alibembelezwa.

Mimi nilitumwa mbele kuchagua mahali, na safari hii sikuchungulia uzioni. Niliingia, nikaketi, nikaagiza chai, nikaangalia. Niliangalia kama maji ya kunawa yanaletwa mezani, au mgeni anaelekezwa kwa kidole mahali bomba lilipo. Niliangalia kama bugali umeandikwa katika orodha pamoja na vyakula vingine, au unaombwa kwa kunong'ona. Mzee mmoja alikuwa akila peke yake kwa mkono, na nilimtazama mhudumu alivyomsemesha. Katika nyumba ya kwanza na ya pili nililipa chai yangu nikaondoka. Ya tatu ilikuwa Ibanda, juu kidogo ya barabara, yenye vitambaa safi vya maua, na ziwa lilionekana kati ya mapaa mawili kwa upana wa kiganja. Niliagiza samaki siku ile ile.

Tulishuka siku ya Alhamisi. Tulipopita Nyawera wazee walivua kofia, kwa sababu hapo aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, tarehe 29 Oktoba 1996. Vijana, ambao walikuwa bado hawajazaliwa mwaka ule, walivua zao baada ya kuwaona wazee. Lori halikusimama.

Chakula kilichelewa, kama kawaida. Baba mmoja, ambaye hakuwa amefika Bukavu tangu ujana wake, aliisoma orodha yote kwa sauti kuanzia juu hadi chini, pamoja na bei, na binti yake akafunika uso kwa mikono. Kisha akaiondoa mikono na kumsaidia kutamka maneno ya Kifaransa. Kijana aliyekosa diploma alikula sana na kusema kidogo. Sikumlazimisha kusema.

Samaki walipofika, bibi mmoja, aliyekuwa amemlea mjukuu wake tangu wazazi wake walipofariki, aliinama akafungua mfuko wake wa plastiki chini ya meza. Niliona jani la mgomba kabla ya kuona kilichomo. Mjukuu wake aliliona pia, akatazama upande wa mhudumu, na nikatambua uso ule, kwa maana niliuvaa mimi. Sikuwa nimeuliza kama inaruhusiwa kuingiza chakula cha nje. Katika yote niliyoyaangalia, hilo lilinipita. Mhudumu alisimama, akaitazama ile mashanza mezani, akageuka kumtazama mama mwenye nyumba aliyekuwa nyuma ya kaunta. Mama yule alimwambia kitu kwa mashi ambacho sikukisikia vizuri. Mhudumu aliingia jikoni, akarudi na sahani nyeupe na kisu.

Msichana ndiye aliyeikata. Alianza na bibi yake, kisha akampelekea mhudumu kipande, kisha sisi. Ilikuwa na chumvi kidogo mno, na baba yule wa orodha alilisema hilo wazi, na bibi akamjibu kwamba chumvi iko Bukavu, aagize.